Mguu wa Kushoto

Kituoni,
4 Februari

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza kulalamika kila ukipanda zile ngazi za bwawa. Mimi sijambo, ila njaa. Huku tunaingia majini asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya masomo, na katikati yake nakula kama mtu aliyetoka kifungoni juzi.

Chumba kina vitanda viwili, dirisha moja na kamba ya kuanikia inayotoka mlangoni hadi kabatini, kwa hiyo kila anayeingia anazabwa usoni na nguo ya kuogelea iliyolowa. Mwenzangu anaogelea chali, basi kituo kizima kinamwita Mgongo. Anaongea hata akiwa usingizini. Amenisaidia sana lakini, maana siku ya kwanza nilipotea nikaingia chumba cha mitambo na taulo langu begani nikitafuta bafu.

Kocha wa huku tumempa jina la Sentimita. Anapima kila kitu: urefu wa mikono yetu, upana wa vidole, hata tunavyosimama kwenye foleni ya chakula. Hapigi kelele kama wewe. Nimezikumbuka kelele zako, usinicheke. Ile "Vuta! Pumua! Piga! Lala!" siisikii tena, kwa hiyo najiimbia mwenyewe nikiwa majini, na nikifika kwenye "lala" najinyoosha kabisa kama nipo kitandani kwetu.

Wiki ijayo watatupiga filamu kwa kamera ya chini ya maji, mmoja mmoja. Mwezi wa nane ndiyo mashindano ya kuchagua timu. Watakaochaguliwa wanabaki hapa na kusomeshwa hadi wamalize. Wengine wanafungasha. Mimi na mtindo wangu wa chura hatuna wasiwasi.

Simu zetu zinafungiwa kabatini kuanzia Jumapili jioni hadi Ijumaa, na yako wewe ni ya kugombana na fundi wa pampu tu, basi tuandikiane.

Mwanao,
Kambare


Nyumbani,
19 Februari

Mwanangu Kambare,

Marahaba. Barua yako nimeisomea pale pale kwenye kiti changu cha plastiki pembeni mwa bwawa, nikacheka peke yangu hadi watoto wakatazamana. Goti linalalamika, na mimi nalalamika, tumeshazoeana. Unakula vizuri? Unalala? Huyo Mgongo mzibe masikio, au jizibe wewe.

Huku pampu ilikuwa imegoma, maji yakageuka kijani siku nne nzima. Fundi alikuja, akaitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Siku ya pili akarudi na kutikisa kichwa tena. Nilipomfungia mlango wa kutokea ndipo pampu ikapona.

Darasa la wadogo limefika watoto kumi na wanne tangu habari zako zitoke gazetini. Kamati ya bwawa imetundika ubao pale mlangoni: jina lako, muda wako wa mita mia, na chini yake jina langu. Wazazi wanasimama hapo wanapiga picha. Na yule mwenyekiti, yule yule aliyetaka kulifukia bwawa ili watu wapate pa kuegesha magari, siku hizi ananiita "mwalimu wetu". Nilitamani ungemwona anavyolitamka.

Sasa nisikilize. Hizo kamera zisikutie kiwewe. Mtu akitazamwa sana anasahau hata kutembea. Waombe mstari wa pembeni, ule wa ukutani, waambie ndipo unapoogelea vizuri. Na wakianza kukurekebisha miguu, kataa kwa adabu. Waambie kocha wako alikufundisha hivyo na ukashinda hivyo.

Dada yangu angekuwa hai kuona mtoto aliyemzaa anapigwa filamu chini ya maji, mtaa mzima usingelala kwa kelele zake. Napiga mimi kwa niaba yake.

Mama yako


Kituoni,
11 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Na goti? Na wadogo wote hawajambo? Mwili wangu haujambo, kichwa ndicho hakijatulia.

Filamu tumeitazama. Walituweka kwenye chumba cha mikutano, mapazia yakafungwa, tukakaa wote sita wa mtindo wa chura. Ya wenzangu ilipita hivi hivi. Yangu ilipoanza, Sentimita aliisimamisha, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena. Halafu akawaambia wenzangu waende wakale.

Akaniambia, "Tazama mguu wako wa kushoto." Nikatazama. Mama, mguu wa kulia ulikuwa unafanya kazi yake: vidole vinatazama nje, unyayo unasukuma maji. Wa kushoto haukugeuka nje kabisa. Ulikuwa umejinyoosha na kushuka, unayachapa maji kwa mgongo wa mguu, kama mtu anayeogelea mtindo mwingine. Akasema hilo ni teke la mkasi, na kwenye mtindo wa chura haliruhusiwi. Mwamuzi akiliona mara moja tu, unaenguliwa. Nami ninalipiga kila nikipiga, bila kukosa hata moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ile yake ya upole, "Umeshindaje miaka yote hii bila mtu kuliona?"

Akanipeleka kwenye benchi, nikalala kifudifudi, akanishika kifundo cha mguu na kukigeuza nje taratibu. Na pale nikakumbuka kitu. Watoto wako wote uliwalaza kwenye benchi, Mama. Hakuna aliyeingia majini kabla hujamshika miguu na kumwambia "tembea bata, tembea bata". Mimi hukunilaza hata siku moja. Ulikuwa unasema, "Wewe ingia, wewe huhitaji benchi," na mimi nikijiona malkia.

Kutoka pale kwenye kiti chako hukuwa unauona mguu wangu? Niambie tu ili nimjibu kocha, maana ananiuliza kila siku.

Mwanao,
Kambare


Nyumbani,
2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi huku wazima wa afya, wasiwasi wetu ni ninyi mlio mbali. Barua yako niliipata muda kidogo uliopita, ila nilikuwa na mambo mengi. Tumepaka rangi vyumba vya kubadilishia nguo. Nilitaka bluu, wakaleta rangi inayofanana na dawa ya mswaki, sasa watoto wanaingia mle wanalamba kuta.

Huyo Sentimita wako mimi simwelewi. Makocha wapya wana tabia ya kutafuta kasoro kwa mwanafunzi wa mwenzao ili waonekane wamemtengeneza wao. Nimeyaona haya tangu zamani. Na picha za majini zinadanganya, mwanangu, maji yanapinda kila kitu. Weka kijiko kwenye glasi ya maji utazame.

Watoto sasa ni kumi na saba. Wanakusalimu. Mmoja ameniuliza kama wewe una mapezi.

Jitunze, kula, na usijisumbue na vitu vidogo.

Mama yako


Kituoni,
20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nakutakia afya njema. Mimi ni mzima, na kwa habari ya kijiko nimekuelewa: umenipiga chenga.

Jumamosi tulikuwa na mashindano ya majaribio. Nilikuwa nimelala kwenye lile benchi zaidi ya mwezi, lakini nikiingia majini na watu wakanikaribia, mguu unarudi kwao. Niligusa ukuta nikiwa wa pili. Nikageuka kutafuta saa, na juu ya mstari wangu nikaona mkono wa mwamuzi umeinuliwa, umenyooka, haushuki. Jina langu likasomwa kwenye kipaza sauti pamoja na kosa langu. Nilitoka majini huku watu wananitazama miguu.

Mwamuzi mwenyewe ni mama mtu mzima, mwenye kofia nyeupe. Alinifuata chumba cha kubadilishia nguo kunipa pole. Alinitazama, akauliza, "Si wewe yule mtoto wa mstari wa sita?" Ndipo nikamkumbuka. Alikuwa anakuja kuamua kwenye bwawa letu nilipokuwa na miaka kumi, kumi na moja. Anasema alikuona mara mbili akakwambia juu ya mguu wangu. Mara ya kwanza ulimwambia amekosea. Mara ya pili ulimwambia, "Niachie, nitamrekebisha." Baada ya hapo hukumwita tena.

Mstari wa sita, Mama. Mstari wa bahati. Ule wa upande wa ukuta, ambako mwamuzi hana pa kupita.

Miaka minane nimeuita wa bahati. Hata huku nilipofika nilikuwa nauomba, kama ulivyoniagiza, na Sentimita akawa ananishangaa.

Nakuuliza neno moja tu. Ulijua? Ndiyo au hapana. Usinieleze habari za rangi wala pampu.

Mwanao


Nyumbani,
15 Mei

Mwanangu,

Ndiyo.

Umetaka neno moja, hilo hapo. Hata salamu nimeshindwa kulitangulizia, nisamehe. Nimeandika barua hii mara nne na kila mara pampu iliingia humo.

Ulikuja kwangu ukiwa na miaka minane, dada yangu hajatimiza hata mwezi kaburini. Ulikuwa husemi. Unaulizwa umekula, unatikisa kichwa. Nilikuchukua bwawani kwa sababu sikuwa na wa kukuachia, na ukiwa majini ndiko nilikosikia sauti yako kwa mara ya kwanza. Ulikuwa unanipigia kelele nitazame. Mguu wako niliuona wiki ile ile ya kwanza. Mimi ni kocha, ningekosaje kuuona?

Nilijaribu. Wewe hukumbuki, ulidhani ni mchezo. Wiki tatu nilikuwa naingia majini nawe nakushika ule mguu. Ukawa wa mwisho kwenye kila zoezi. Ukaanza tena kunyamaza, sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Siku moja mchana nikachoka, nikakwambia, "Haya, ogelea utakavyo." Ulitoka pale kwa kasi hadi wakubwa wakasimama kutazama. Nyumbani ulizungumza tangu mlangoni hadi unasinzia. Nikasema moyoni, acha apone kwanza, mguu nitaurekebisha mwakani.

Mwakani ikafika, ukashinda kombe la kwanza, na wiki hiyo hiyo mwenyekiti akaja na karatasi za kulifukia bwawa. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuweka juu ya meza ni kombe lako. Nikaliweka. Karatasi zikarudi kwenye mkoba. Nikasema mwakani tena, na kila mwaka nikasema hivyo.

Na nisikudanganye mara ya pili. Nilipenda. Sikufanya kwa ajili yako peke yako wala kwa ajili ya bwawa. Mimi sijawahi kushinda hata mbio za gunia. Kuitwa kocha wa bingwa kulinikaa vizuri, nikawa natembea tofauti. Ratiba za mistari nilizipanga mwenyewe, na nilikuweka wa sita kila mara. Kiti changu nilikiweka kwenye ile kona kwa makusudi, kiwe kizuizi kwa mwamuzi yeyote ambaye angetaka kuchungulia. Wewe hukujua lolote. Hilo naliapa: hukujua lolote.

Naona haya mbele yako, na mbele ya dada yangu huko aliko.

Barua hii ni yako peke yako. Ukiisoma, ichome. Mtu mwingine akiiona nimekwisha, mimi na darasa na bwawa lenyewe.

Mama yako


Kituoni,
1 Juni

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Mimi sijambo sana.

Nililia. Nikapiga mto ngumi hadi Mgongo akanyamaza, na hilo kituoni hapa litaandikwa kwenye vitabu. Nimekasirika na nitaendelea kukasirika, tena usinipangie muda. Najiona mjinga. Makombe yote yale kwenye kabati la sebuleni, kila nikilifuta vumbi, wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu unajua.

Lakini ulianza na "ndiyo", kabla hata ya marahaba. Hilo nimelipokea. Sijalisahau la sahani iliyorudi jikoni pia. Mtoto yule nilikuwa mimi, na wewe peke yako ndiye uliyekuwa unahesabu vijiko nilivyokula. Kwa hiyo nimekasirika na bado wewe ni mama yangu, mambo yote mawili kwa pamoja, yanasukumana mlangoni.

Mguu unaanza kusikia. Kila alasiri najiunga na darasa la watoto wa miaka saba, nalala nao kwenye benchi. Wananisahihisha. Nimekuwa mzito majini, nafika wa mwisho karibu kila siku, lakini Sentimita anasema mateke saba kati ya kumi sasa ni safi.

Sasa kuna jambo. Kituo kilinichukua kwa sababu ya nyakati zangu za huko nyumbani, na nyakati hizo zimepatikana kwa teke lisiloruhusiwa. Kamati ya nidhamu imeuliza kama nilijua. Aliyejua akaficha anaondolewa. Asiyejua anapewa hadi mwaka kesho ajirekebishe. Nikawaambia sikujua. Wakaniuliza ni nani atakayelithibitisha hilo. Nikawaambia, mama yangu, ndiye aliyekuwa kocha wangu.

Watakuandikia wiki hii. Huna haja ya kuwaeleza yote uliyonieleza. Ubao wako wala kiti chako usivitaje. Waandikie tu kwamba nilikuja na mguu huo tangu utotoni na sikujua kuwa ni kosa. Mstari mmoja unanitosha.

Mwanao,
Kambare


Kituoni,
9 Julai

Shikamoo.

Hali yako leo siiulizi.

Jana Sentimita aliniita ofisini kwake. Alifunga mlango, jambo ambalo huwa halifanyi. Akaweka karatasi juu ya meza, akaigeuza inielekee. Mwandiko niliujua kabla sijakaa, ule wako ulioinama kushoto. Nikatabasamu, Mama. Nilitabasamu kwa sababu nilidhani umefika kuniokoa.

Nanukuu, kwa kuwa nimeisoma mara nyingi hadi imenikaa kichwani: "Mwanafunzi huyu aliondoka mikononi mwangu akiwa na teke safi. Kama leo ana kasoro, ameipata huko, au ameamua mwenyewe kutafuta njia ya mkato. Tangu utotoni amekuwa mtu wa kupenda kushinda."

Kwanza nilidhani umelazimishwa. Halafu nikaifikia ile sentensi ya mwisho. Hiyo nani alikulazimisha? Hawakukuuliza napenda nini. Ungeweza kusema uongo wako ukaishia kwenye mguu. Lakini ulifikiria, ukaona hautatosha, ukaongeza na tabia yangu.

Watu wakisema fulani kanitosa, wanamaanisha kaniacha njiani. Sisi wa bwawani tunalijua neno hilo lilikotoka. Mtu aliyesimama pakavu anamsukuma mwenzake majini, kisha anasimama kutazama. Basi umenitosa, tena wewe uliyenifundisha kuogelea.

Barua yako ya tarehe 15 Mei sikuichoma. Imo ndani ya bahasha hii. Kutoka kitandani kwangu hadi mlango wa Sentimita ni hatua arobaini, na ningeweza kuipeleka jana ile ile, na leo ningekuwa nimemaliza. Nilifika hadi mlangoni nayo. Nikaona nikiiingiza mle nitakuwa nimekufanyia kama ulivyonifanyia. Sitaki tufanane kwa hilo.

Kwa hiyo nakurudishia. Ipeleke wewe. Au usiipeleke hiyo, andika nyingine, useme ulikosea katika ile ya kwanza. Kamati inakaa tarehe 30. Posta inachukua siku saba, nimekupigia hesabu, unazo siku za kufikiri na bado itawahi.

Nakusubiri.

Mwanao


Nyumbani,
20 Julai

Mwanangu Kambare,

Marahaba. Hujambo? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Goti limetulia, mvua zimekatika, na maji ni safi hadi unaona sarafu chini.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile uliyoifungia ndani. Nimeiweka mahali salama.

Usijitie wasiwasi mwingi. Hao wa kamati nao ni wazazi, wakiona unavyojituma watakuelewa. Wewe bado kijana, njia zako ni nyingi. Mimi nimebakiwa na hii moja. Watoto sasa ni ishirini na wawili, kila siku mchana wako majini na wazazi wao wamekaa hapa wananitazama. Najua unaelewa, wewe siku zote umekuwa mwelewa.

Nakutumia sweta. Naambiwa huko asubuhi kuna baridi. Kula vizuri.

Mama yako anayekupenda


Kituoni,
3 Agosti

Mama mdogo,

Shikamoo. Hiyo ni ya umri wako. Natumaini goti bado limetulia.

Kamati ilikaa saa nne asubuhi. Walikuwa watano, na jagi la maji katikati ambalo hakuna aliyeligusa. Waliisoma barua yako kwa sauti, yote, hadi ile ya kupenda kushinda. Sentimita alisimama kunitetea. Aliwaambia mguu ule ni wa miaka mingi, hauwezi kuwa umeharibikia kituoni, na mtoto anayelala kwenye benchi na watoto wa miaka saba kila alasiri si mtu wa njia ya mkato. Walimsikiliza vizuri. Lakini karatasi mbele yao ilikuwa moja, na ilikuwa yako. Yule mwamuzi wa kofia nyeupe sikumtaja, maana kumtaja yeye ni kukutaja wewe.

Mwenyekiti wao akaniuliza kama nina chochote cha kuonyesha. Nikasema nilikuwa nacho. Akauliza kiko wapi. Nikasema nimemrudishia mwenyewe, nikamwomba akilete. Mzee mmoja pembeni akavua miwani, akanitazama kwa huruma, na mimi nikageuka kutazama mlango. Ndiyo, bado nilitazama mlango. Nilikuwa nimejiambia labda hukuiamini posta, labda umepanda basi.

Wameniondoa. Sitashindana kwa miaka miwili, na nyakati zangu zote zimefutwa, kwa hiyo ule ubao wako utaletewa barua yake. Hilo sikuliomba mimi.

Naondoka Jumamosi, ila siji huko. Dada yake Mgongo ana chumba, na kwenye bwawa la karibu yake wanatafuta mtu wa kuwashika watoto wanaoanza. Sweta limefika. Nimemwachia Mgongo, ndiye anayesikia baridi.

Huyo Mgongo alikuwapo siku ile nilipokuwa nafunga bahasha kukurudishia barua yako. Ilikuwa Jumamosi, simu nilikuwa nayo mkononi. Akaniambia, "Ipige picha kwanza, basi, huwezi kujua." Nilimkasirikia hadi nikapandisha sauti. Nilimwambia, "Huyo ni mama yangu."

Mtoto wa dada yako